Kipande cha Washington Nilichokitupa Pipani

Nianze na aibu yenyewe, ili mkifika mwisho muwe mmeshanizoea. Katika mwaka wangu wa mwisho wa kazi, mimi, fundi wa fremu niliyekwisha kuzungushia mbao picha nyingi kuliko nywele nilizobaki nazo kichwani, nilichukua kisu, nikaweka rula ya chuma, nikakata inchi tano za picha ya mtu. Sisemi kadibodi, wala karatasi ya kujaribia. Nasema picha yenyewe, ya rangi ya mafuta, iliyomchukua mwenyewe miezi minane. Kisha nikakikunja kile kipande, nikakitupa pipani, nikaenda kupasha chai nikipiga mluzi.

Nyinyi vijana wa kanisa letu kule Germantown mliniomba niwaandikie "kitu kuhusu kazi". Najua mlitaka habari za kujituma na kuamka mapema. Kujituma nitajaribu. Kuamka mapema waulizeni wengine, kwa sababu duka letu lilikuwa linafunguliwa saa nne asubuhi na lilikuwa mwendo wa dakika saba kutoka mlango wangu hapa Wheaton, nje kidogo ya Washington. Najua pia kwamba mtaisoma kwa Kiswahili na kunicheka kwa Kiingereza. Ni sawa.

Kazi yenyewe niliipata kwa makosa. Mwenye duka, Don Anselmo, mtu wa El Salvador, alikuwa anatafuta msaidizi. Shemasi mmoja Mkenya akamwambia, "Chukua huyu, ni Mkamba, watu wa kwao huchonga mbao tangu tumboni." Mimi katika maisha yangu sijawahi kuchonga hata mwiko. Wiki ya kwanza nilikata pembe za fremu, nikaziunganisha, na kati ya mbao mbili ungeweza kupitisha ulimi wa mbuzi. Don Anselmo akaniangalia, akaangalia pembe, akasema kwa Kiingereza chake kilichokuwa kibovu kama changu, "Kwenu wanachonga nini? Vifusi?" Lakini hakunifukuza. Alinipa mbao za kutupwa, akanikatisha pembe mwezi mzima, hadi siku ulimi wa mbuzi ulipokosa njia.

Sasa, kuhusu huu mji wa Washington. Wengine huujua kwa kutembea. Mimi niliujua ukija mlangoni, umekunjwa kwapani mwa mchoraji. Miaka thelathini na kitu nimeishi hapa, na katikati ya mji nimefika mara tatu. Mara ya kwanza nilifuata pasipoti ubalozini. Mara ya pili nilisinzia kwenye treni nikazindukia huko. Mara ya tatu mke wangu Salome alinilazimisha kwenda kuona maua ya micheri, nikaona migongo ya watu waliokuja kuona maua ya micheri. Baada ya hapo nikasema yatosha, mji wenyewe si unaletwa dukani?

Na uliletwa kweli, ila kila mtu alileta wa kwake.

Kulikuwa na mzee mmoja, afisa mstaafu wa jeshi, tuliyemwita Kanali. Kila mwaka alileta picha ileile: kuba jeupe la bunge, maua ya waridi mbele, na maji ya bluu kama dawa ya meno. Siku moja nikamuuliza, "Kanali, maji yale ni ya bluu namna hii kweli?" Akanijibu bila kucheka, "Yangepaswa kuwa." Huyo alitaka fremu ya dhahabu, pana kama mkono, na nikampa. Picha iliyovaa suti haiwekewi kandambili.

Kulikuwa na Bi Loretta, mama wa Kiamerika aliyezaliwa kwenye zile nyumba za matofali zilizoshikana bega kwa bega. Mtaa wake wote umepakwa kijivu na wenyeji wapya. Yeye aliuchora na rangi zake za zamani: kijani, zambarau, haradali. Alikuwa na bahasha ndogo yenye maganda ya rangi aliyokwangua kwenye miimo ya milango kabla mafundi hawajafika, akanionyesha kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Nikimtajia kuba jeupe, anapunga mkono. "Ile ni ofisi," anasema. "Mji ni huu." Picha zake tuliziwekea mbao za kawaida, tukazipaka rangi kutoka kwenye yale maganda.

Na kulikuwa na kijana mmoja mrefu aliyechora mvua usiku na mchana. Unatazama turubai, huoni kitu ila madoa mekundu, mamia. Nikamwambia, "Kijana, mimi hapa sioni mji." Akaniuliza, "Umewahi kuendesha gari kurudi Germantown saa kumi na moja jioni?" Mimi siendeshi gari. Lakini nyinyi mnaomngojea baba arudi, na chakula kinapoa mezani, mngezitambua mara moja zile taa za breki. Huyo nilimpa fremu nyembamba ya chuma cheusi, ili taa zisigombane na mtu.

Watatu hao mngewaweka ukumbi mmoja, wasingeamini kwamba wanapata barua kutoka posta moja. Nami niliwahudumia wote, nikajiona mjuzi wa Washington. Hilo likumbukeni.

Mambo machache ya mkono, kabla sijaendelea kujidhalilisha. Wembe wa kisu ubadilishe kabla hujahisi haja, kwa sababu butu ndio unaoteleza ukakata kidole. Kioo usikipulizie dawa kikiwa juu ya picha. Pulizia kitambaa, mbali. Kabla ya kufunga, tazama chini ya kioo kwa tochi, ukiilaza pembeni, na utaona unywele wako mwenyewe umelala pale kama mgeni asiyealikwa. Ile kadibodi tunayoizungushia picha ndani ya fremu, upande wa chini iachie upana kidogo zaidi, maana jicho lina uzito, huangusha picha. Na picha ibebe kwa mbavu zake, usiinyanyue kwa kichwa.

Siku hizi kuna mashine inayokata kadibodi yenyewe, unaiandikia tu vipimo kwenye kompyuta. Nilipoanza tulikuwa na ya kukanyaga kwa mguu, na ukiwa na hasira na mke, pembe zilikuwa zinatoka nzuri. Siisemi vibaya ile mpya. Nasema tu kwamba turubai bado hukatwa kwa mkono, kwa hiyo nikifika kwenye kosa langu msitafute kompyuta ya kusingizia.

Kosa langu la pili kwa ukubwa nilishalifanya mapema. Mchoraji mmoja alileta picha ya rangi ya maji, asubuhi yenye ukungu, ule mnara mrefu na kivuli chake majini. Mnara aliuficha kwenye ukungu, kivuli akakichora safi. Mimi nikaona kilicho safi ndicho mnara. Nikafunga waya wa kutundikia upande wa pili, na mteja, daktari wa meno, akaitundika ukumbini kwake miezi mitatu. Wagonjwa walikaa chini yake na maumivu yao, hakuna aliyesema neno. Hadi mchoraji mwenyewe alipokwenda kung'olewa jino. Alitoka pale akaja moja kwa moja dukani, shavu limevimba, pamba mdomoni, akininyooshea kidole bila kuweza kutamka tusi alilokuwa nalo.

Don Anselmo alicheka hadi akakaa. Kisha akanipa penseli. "Kuanzia leo," akasema, "mchoraji hatoki mlangoni kabla hujaandika JUU nyuma ya picha." Nikaandika JUU nyuma ya kila picha miaka yote iliyofuata. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeniambia niulize na chini.

Furaha, mama mwenye ile picha niliyoikata, aliletwa dukani na jirani yangu, Mama Shiru, tunayepakana naye ukuta. Mama Shiru anatoka Nyeri, anatunza wazee kwenye makao fulani, na ana sauti ambayo ukuta wetu haujawahi kuishinda. Furaha ni wa Bukavu, kule Kongo, walifanya naye kazi zamu moja, anaishi Langley Park kwenye chumba na sebule na watoto watatu. Alikuwa anachora juu ya ubao wa kupigia pasi, watoto wakishalala. Kulikuwa na maonyesho yanakuja Jumamosi kwenye ukumbi wa hapa Wheaton, wenyeji waonyeshe jinsi wanavyouona mji mkuu. Mmoja angepewa chumba cha kuchorea kwa mwaka mzima, chenye dirisha, chenye mlango wa kufungwa. Furaha aliutaja ule mlango mara mbili.

"Papa Mutua," akaniambia, "mimi sijasoma mambo ya kuchora. Benzangu kule nyumbani banasema nipeleke feza ya rangi kwa masomo ya batoto. Hii nitajaribu mara moja. Ikikataa, naacha."

Akafungua turubai mezani. Juu, mbali kabisa, kuba jeupe, dogo kama yai lililomenywa. Kutoka Langley Park kuba halionekani; yeye aliliweka tu. Chini yake magorofa ya matofali, duka la nyama lenye maandishi ya Kihispania, barabara iliyochimbuliwa kwa ajili ya reli mpya, mapipa ya rangi ya chungwa. Nzuri sana. Na chini kabisa, ukanda wa rangi ya bluu iliyokolea, karibu nyeusi, umejaa madoa: nyeupe, manjano, nyeupe, nyeupe.

Sasa mniruhusu nijitetee kidogo. Wachoraji wengi wakichora kwenye turubai ambalo halijavutwa kwenye mbao, huacha ukingo, na ukingo huo ndio kitambaa chao. Wanajaribia rangi hapo, wanafutia brashi hapo. Kazi ya fundi ni kuukata au kuukunja nyuma. Nimekata kingo za namna hiyo maisha yangu yote. Nilimuuliza Furaha juu ni wapi, nikaandika JUU. Na nilikuwa na fremu ya mbao za mti wa mjozi ukutani, nzuri ajabu, mteja aliiagiza akahama. Nikasema moyoni, huyu mama nitampa hii bure, iwe zawadi. Nikapima. Ilipungua inchi tano. Nikatazama ule ukanda wa madoa, nikamshukuru Mungu kwa mpango wake. Miwani ilikuwa nyumbani.

Alhamisi jioni walikuja wote wawili kuichukua. Niliitundika mlangoni ili waione wakiingia. Furaha alisimama. Akainama. Akachungulia nyuma ya fremu kama mtu aliyeangusha pete.

"Papa, batu beko wapi?"

"Watu gani, mama?"

"Batu ba kituo. Benye kungojea basi."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Mama Shiru hakucheka. "Baba Mutua," akasema polepole, na mtu mwenye sauti ile akisema polepole ujue mambo yameharibika, "si uniambie kile kipande cha chini umekiweka mahali."

Niliingiza mkono pipani hadi begani. Kilikuwa chini ya vumbi la mbao na majani ya chai, kimekunjwa mara tatu, rangi imepasuka kwenye mikunjo. Nikakilaza mezani. Nikaazima miwani ya Mama Shiru.

Madoa yalikuwa watu. Alfajiri, wamejipanga kituoni kabla hakujapambazuka, makoti meusi kwenye giza la bluu, ndiyo maana huwaoni kwanza. Unaona manjano: simu zinazoangaza videvu, na koti la mjenzi. Na unaona nyeupe, mbili mbili: viatu. Viatu vya watu wa hospitali na makao ya wazee, jozi baada ya jozi, ukanda mzima.

Furaha akaweka kidole. "Huyu ni mama wa Ethiopia, anasali. Huyu kijana wa Guatemala. Huyu ni Mama Shiru na termosi yake."

Mama Shiru akainama hadi pua ikakaribia meza. "Haiya! Kumbe mimi ndiye nilikuwa pipani?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Furaha alikaa kwenye kigoda. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. "Basi," akasema. "Sitapeleka. Benzangu balisema."

Vijana, nimewahi kuvunja kioo cha mtu, nimewahi kugeuza mnara kichwa chini. Hayo hulipwa. Lakini kumwona mtu akikunja kitu ambacho hamjawahi hata kukiona, kile chumba chenye mlango, akikikunja hapo kwenye kigoda chenu, kwa sababu ya kisu chenu, hakuna duka linalouza cha kurudishia.

Nikampigia simu Don Anselmo. Ana miaka themanini na kitu, amestaafu, anaishi na binti yake. Nilimweleza yote. Akauliza, "Ulikata kwa wembe mpya?" Nikasema ndiyo. "Basi umebahatika. Ukingo ni safi. Weka kitani nyuma, gundi inayoweza kubanduliwa, uzi kwa uzi. Na usimguse rangi yake. Umeshamgusa vya kutosha."

Mama Shiru akavaa koti. "Furaha, kesho mimi nitakushikia zamu. Wewe kaa na huyu mzee. Usimwache peke yake na kisu."

Ijumaa tulifanya kazi siku nzima. Tuliilaza mikunjo chini ya ubao na uzito. Tulilinganisha nyuzi za turubai, juu na chini, yeye akishika kioo cha kukuzia, mimi nikisogeza kwa ncha ya sindano. Alasiri ikawa picha moja tena, ila na mstari mwembamba unaopita barabarani, kushoto hadi kulia. Nikamwambia anaweza kuupaka rangi, usionekane. Aliutazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu.

"Hapana, Papa. Uache. Batu baone kazi yako."

Ile fremu ya mjozi niliirudisha ukutani. Nikatengeneza nyingine ya mti mweupe, bila urembo, ya kipimo cha picha, maana picha haikuumbwa kwa kipimo cha fremu. Upande wa chini nikauacha mwembamba kabisa, ili wale watu wasimame karibu na mtazamaji. Hiyo ndiyo fremu bora niliyowahi kutengeneza, na niliitengeneza nikiwa na hofu.

Jumamosi, mama aliyesimamia maonyesho aliona mshono kabla hatujaitundika. Alikuwa mpole, lakini alisema kazi zilizoharibika hazipokelewi, sheria ni sheria. Furaha akaanza kuishusha. Hapo, vijana wangu, nikasema kitu ambacho fundi hapendi kukisema mbele ya watu, na wakati huo Kanali alikuwa nyuma yangu na dhahabu yake, na Bi Loretta, wateja wangu wote wamesimama.

"Mama, haikuharibika. Mimi ndiye niliyeikata. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini, na nilidhani hawa ni uchafu wa brashi. Yeye aliikamilisha. Kasoro ni yangu, niandikie mimi."

Yule mama akainama kuangalia. Bila miwani, nawaambia. Sekunde tatu. "Oh," akasema, "wanangoja basi." Akaichukua kwa mbavu zake, kama inavyotakiwa, akaitundika mwenyewe.

Mchana wote nilisimama karibu nayo na kikombe cha kahawa. Bwana mmoja mwenye skafu alimweleza mkewe kwamba ule mstari ni jeraha la mji, na kwamba mchoraji alikuwa jasiri sana kuuweka. Nilinywa kahawa yangu. Kanali alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona asimame mbele ya picha isiyo yake. Mwishowe akamuuliza Furaha, "Basi hili linapita wapi?" Naye akamweleza, kituo kwa kituo.

Chumba alipewa Furaha. Yuko huko hadi leo, siku zake za mapumziko, na watoto wanajua kubisha hodi. Anachora duka la kufulia nguo la mtaani kwao sasa, lile la mashine, na kuba jeupe safari hii liko kwenye povu, linazunguka. Akimaliza ataniletea niiwekee fremu, ingawa nimestaafu. Amesema nitapima yeye akiwa amesimama hapo.

Jioni ile ya maonyesho tulirudi kwa miguu, mimi na Mama Shiru, hadi kwenye vizingiti vyetu. Sikuweza kunyamaza. Nikamwambia, sielewi. Mji huu nimeupitisha mikononi mwangu miaka yote hii, wa maua, wa mvua, wa milango ya zambarau. Yule mama wa ukumbini aliwaona kwa sekunde tatu. Mimi niliwakosaje? Ni miwani tu?

Mama Shiru alikuwa anatafuta funguo mkobani. Hakuinua kichwa. Akasema:

"Wacha miwani, Baba Mutua. Ulitukata kwa sababu hujawahi kusimama na sisi. Jumatatu nabadilisha basi pale kituoni, Langley Park, saa kumi na moja na robo alfajiri; vaa koti, na usinicheleweshe."